Picha ya Sumaku kwa Magonjwa ya Uume: Lini Inahitajika na Lini Haingojwi

Somo hili ni la vikundi vyote, vya wanaume, vya akina mama na vya vijana. Katibu alisome kwa sauti, polepole, na asimame kila mahali penye swali ili watu wajibu kabla ya kuendelea. Kama kikundi chenu ni cha mchanganyiko na mnaona haya, gawanyikeni, wanaume chini ya mti mmoja na akina mama chini ya mwingine. Lakini akina mama wasiachwe bila kusomewa. Mara nyingi mke ndiye wa kwanza kujua kwamba mzee ana shida, na ng'ombe akiuzwa kwa ajili ya matibabu, maziwa yanayokosekana ni ya watoto wake.

Tutatumia neno uume bila kuzungukazunguka. Ni neno la Kiswahili, daktari analijua, na si tusi.

Kwa nini tunalisema jambo hili

Kwetu huku Kericho na Bomet, mambo ya sehemu hiyo yana siri yake. Kijana aliyepita tumdo hufundishwa mengi na wazee, lakini hakuna anayemfundisha aseme nini siku ile sehemu hiyo itakapomuuma akiwa na miaka 50, na ana wajukuu. Kwa hiyo wanaume wetu wengi huanguka katika makosa mawili. Wa kwanza hunyamaza. Anatembea na uvimbe au maumivu miezi mingi, anachuma chai kama kawaida, anahama kitanda, na mke anafikiri amechukiwa. Wa pili husikia kwa jirani ati kuna mashine huko mjini inayoona kila kitu ndani ya mwili, inaitwa MRI. Basi anauza ng'ombe na kwenda moja kwa moja kutafuta mashine, bila kupitia kwa daktari yeyote. Anarudi na bahasha kubwa ya picha ambazo hakuna aliyemwomba, na ugonjwa uko palepale.

Mashine hiyo ni nzuri kweli. Lakini katika magonjwa ya uume yasiyo ya kansa, mara nyingi haihitajiki. Mara chache inahitajika sana. Na kuna magonjwa mawili ambayo mtu akikaa kuingojea, anaweza kupoteza uume wenyewe au nguvu zake. Hayo matatu ndiyo tunayotaka kila mwanakikundi ayatofautishe.

Swali: Mwanamume wa hapa kwetu akiumia sehemu hiyo usiku wa leo, atamwambia nani kwanza? Jibuni kwa ukweli.

Hiyo MRI ni kitu gani?

Eksirei tunaijua. Inapitisha miali, na mfupa unaonekana. Ultrasaundi nayo akina mama wanaijua vizuri kuliko wanaume, maana ndiyo inayotumiwa kumtazama mtoto tumboni. MRI ni kitu kingine. Ni sumaku kubwa yenye umbo la pipa lililolazwa, wazi pande mbili, na mgonjwa huingizwa ndani akiwa amelala juu ya kitanda chembamba.

Sehemu kubwa ya mwili wetu ni maji. Ndani ya maji kuna chembe ndogo mno za haidrojeni, na kila moja ina tabia kama ya sumaku ndogo. Mtu akiwa ndani ya ile sumaku kubwa, chembe hizo hujipanga. Mashine hutuma mawimbi ya redio yanayozisukuma zitoke kwenye mpango wao. Mawimbi yakikatwa, chembe hurudi mahali pake, na zikirudi hutoa ishara ndogo ambayo mashine huipokea, kama redio yako inavyoshika stesheni. Nyama laini hurudi kwa mwendo wake, kovu gumu kwa mwendo wake, na damu iliyovilia kwa mwendo wake. Kompyuta hugeuza tofauti hizo kuwa picha. Hakuna miali ya eksirei hapo.

Picha ya kwanza ya namna hiyo ya kifua cha mtu ilipigwa na Raymond Damadian na wasaidizi wake huko Marekani mwaka 1977, nayo ilichukua karibu saa tano. Siku hizi kazi ya uume humalizika kwa nusu saa au dakika arobaini na tano hivi. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi yao ya kuifanya njia hii ifae. Na ilikuwa mwaka 1988 ambapo daktari Hedvig Hricak na wenzake huko California walieleza katika jarida la madaktari wa picha jinsi uume mzima na uume mgonjwa unavyoonekana kwa MRI. Kwa hiyo si jambo la jana, ingawa kwetu linaonekana geni.

Tairi na tyubu

Ili uelewe mashine inatafuta nini, lazima ujue uume umejengwa vipi. Hauna mfupa, na wengi hawaamini hilo! Ndani yake kuna mirija miwili ya nyama kama sifongo, imelala sambamba upande wa juu. Chini yake kuna mrija wa tatu, mdogo, na katikati ya huo ndipo njia ya mkojo inapopita. Uume ukisimama, ni damu iliyojaa katika ile sifongo na kuzuiwa isitoke.

Sasa fikirieni gurudumu la baiskeli. Tyubu ni laini, inajaa upepo, na ingepasuka mara moja kama si tairi gumu linaloishika kwa nje. Ile mirija miwili nayo ina tairi lake, yaani ganda jeupe, gumu, linaloizunguka. Magonjwa mengi tunayoyataja hapa ni ya hilo ganda, au ni ya sifongo iliyo ndani yake.

Katika picha nyingi za MRI, sifongo huonekana nyeupe na ganda huonekana kama mstari mweusi unaoizunguka. Mstari ukikatika, daktari anajua ganda limepasuka, na anajua ni mahali gani. Mstari ukinenepa mahali pamoja, hapo pana kovu. Hakuna kipimo kingine kinachoonyesha ganda hilo wazi hivyo, toka mwanzo hadi kwenye shina lililojificha ndani ya mwili ambako mkono wa daktari haufiki.

Ganda likipasuka

Jambo hili watu husema ni "kuvunjika" ingawa hakuna mfupa. Hutokea uume ukiwa umesimama na ukapindwa kwa ghafla, mara nyingi katika mambo ya chumbani, mara nyingine mtu akigeuka vibaya usingizini. Husikika mlio kama kijiti kikivunjika. Maumivu huja hapohapo, uume hulala mara moja, kisha huvimba na kugeuka rangi kama biringanya. Mtu akiona hivyo, asingoje asubuhi ifike ndipo afikirie. Aende hospitali yenye daktari wa upasuaji usiku huohuo. Ganda likishonwa mapema, hasa katika siku ile ya kwanza, wengi hupona vizuri. Likiachwa lijifunge lenyewe, mara nyingi huacha kovu, uume ukapinda, na nguvu zikapungua.

Je, apigwe MRI kwanza? Kama dalili ni hizo tulizozisema, zote kwa pamoja, hapana. Daktari akishasikiliza habari na kutazama, inatosha. Anaweza kuongeza ultrasaundi kama ipo karibu. MRI huingia pale panapo shaka. Kwa mfano, mtu amevimba na kubadilika rangi, lakini hakusikia mlio, na uume haukulala mara moja. Hapo huenda ni mshipa wa damu wa juu uliopasuka, na ganda ni zima. Picha ikionyesha mstari mweusi haujakatika, mgonjwa ameepuka kisu. Hilo ni faida kubwa. Lakini kama mashine iko mbali na shaka bado ipo, daktari wa upasuaji anaweza kuamua kufungua na kujionea kwa macho, na hiyo ni afadhali kuliko kumsafirisha mgonjwa siku mbili akitafuta picha.

Damu ikitoka kwenye tundu la mkojo, au mkojo ukikataa kutoka, mwambie daktari mara tu ufikapo. Maana yake huenda njia ya mkojo nayo imechanika. Mtu yeyote asiyefundishwa asijaribu kuingiza mpira wa mkojo.

Akina mama, hapa mna kazi. Mwanamume aliyepatwa na jambo hili anaona aibu kuliko maumivu. Atasema, "Acha, kutapoa." Hakutapoa. Na wewe mwenyewe usiogope kulaumiwa. Ni ajali kama kuteguka mguu kwenye mteremko wa shamba la chai.

Uume ukikataa kulala

Huu ndio ugonjwa wa pili usiongoja. Uume umesimama, unauma, mtu hana hamu yoyote, na saa zinapita. Ikifika saa nne bila kulala, hiyo ni dharura. Damu iliyomo ndani imezeeka, haina hewa safi, na sifongo inaanza kufa. Ikipita siku moja na nusu, wengi hawarudii hali yao ya zamani tena, hata wakitibiwa.

Watu wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, ndio hupatwa zaidi. Ugonjwa huo ni mwingi kwa familia zenye asili ya kandokando ya Ziwa Victoria, Nyanza na Magharibi, na pwani pia. Katika mashamba makubwa ya chai tunaishi na majirani kutoka huko, tunachuma pamoja na watoto wetu wanasoma pamoja. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa kiume wa sikoseli ajue kwamba mtoto anaweza kupatwa na shida hii akiwa bado mdogo, na pengine ataficha asichekwe na wenzake. Amwambie mapema: "Ikitokea hivyo, uniamshe hata kama ni usiku wa manane." Dawa fulani za hospitali nazo huweza kuleta hali hiyo, na mara chache vile vidonge vya nguvu vinavyouzwa sokoni bila karatasi ya daktari.

Matibabu ya kwanza hayahitaji mashine kubwa. Daktari hutia ganzi, hutoa damu iliyozeeka kwa sindano, na huingiza dawa ya kufanya mishipa ikaze. MRI hapa haina kazi katika saa za mwanzo. Kazi yake ni kwa yule aliyechelewa. Daktari akitaka kujua sifongo ingali hai au imekufa, na ni sehemu gani, picha ya MRI yenye dawa ya kung'arisha humwonyesha, kwa sababu sehemu isiyo na damu haing'ai. Ndipo huamua matibabu yanayofuata. Kwa maneno mengine, ukikutana na MRI kwa ugonjwa huu, mara nyingi ni kwa sababu mlichelewa.

Swali: Kutoka kijijini kwenu, saa tano usiku, mvua inanyesha na barabara ya udongo imeteleza, mtafikaje hospitalini? Nani ana gari au pikipiki? Namba yake ya simu iko kwa nani? Kama kikundi kina mfuko wa dharura, je, mweka hazina anaweza kutoa nauli usiku bila kikao, na bila kuuliza ni ugonjwa gani?

Tunaomba msipite swali hilo haraka. Hospitali za upasuaji tunazo. Iko ya Tenwek karibu na mji wa Bomet, iliyoanzishwa mwaka 1937, iko Longisa, Litein, Kaplong, Kapkatet, na ile ya rufaa mjini Kericho. Shida yetu kubwa ni ile kilomita ya kwanza kutoka nyumbani hadi kwenye lami.

Uume unaopinda

Sasa tuje kwa wazee wenye miaka 50 na kuendelea, ingawa hata vijana hupatwa. Mtu anaona uume ukisimama unapinda upande mmoja, jambo ambalo halikuwapo. Akipapasa, anahisi kitu kigumu kama punje ya mahindi chini ya ngozi. Pengine kunauma. Ugonjwa huu huitwa Peyronie, kwa jina la François de la Peyronie, daktari wa upasuaji wa mfalme wa Ufaransa, aliyeuandikia mwaka 1743. Ni kovu katika lile ganda. Inafikiriwa hutokana na majeraha madogomadogo ambayo mtu hakuyatambua. Wenye ugonjwa wa sukari hupatwa zaidi, na katika familia nyingine hurithiwa.

Si kansa. Si ugonjwa wa zinaa. Si laana ya mtu yeyote, na mke hakuulaza wala kuuleta.

Daktari huanza kwa kuuliza na kupapasa, kisha ultrasaundi. Ultrasaundi ni nafuu, na kovu lililogeuka gumu kama chokaa huonekana kwayo vizuri kuliko kwa MRI. Hapo wengi husimama, hawahitaji picha zaidi. Maumivu kwa kawaida hupungua yenyewe baada ya miezi, na mzee ambaye uume umepinda kidogo tu na bado anaishi vizuri na mkewe hahitaji kisu. Upasuaji hufikiriwa pale pindo linapozuia tendo la ndoa, na hata hivyo sharti ugonjwa uwe umetulia, pindo halibadiliki tena, kwa miezi kadhaa. Usikubali mtu akupasue mwezi wa pili.

MRI inafaa kama kovu liko chini kwenye shina ambako mkono na ultrasaundi havifiki vizuri, au kama kitu kilichopapaswa hakifanani na kovu la kawaida na daktari ana wasiwasi, au kabla ya upasuaji mgumu.

Ajali za pikipiki na njia ya mkojo

Hili limeongezeka tangu bodaboda zilipojaa katika barabara zetu. Mfupa wa nyonga ukivunjika, njia ya mkojo huweza kukatika ndani. Hospitali humwekea mgonjwa mpira wa mkojo kupitia tumboni, na mara nyingi humwacha karibu miezi mitatu ndipo waunganishe. Kabla ya kuunganisha hupigwa eksirei ya dawa inayoingizwa kutoka juu na kutoka chini ili kuona pengo. Hiyo ndiyo picha ya kwanza na kwa wengi inatosha. Ikiwa haionyeshi vizuri kovu lina urefu gani, au kiungo kimesukumwa upande gani, MRI humsaidia sana daktari kupanga kazi. Kijana akitumwa kwa ajili hiyo, msimwambie anapoteza pesa.

Yasiyohitaji mashine hii kabisa

Ni mengi, nasi tutayapita upesi. Kidonda cha tohara kilichovimba au kutoa usaha, hicho ni cha kutazamwa kwa macho na kutibiwa leo, si cha kupigwa picha. Usaha unaotoka kwenye tundu la mkojo ni kazi ya maabara. Kamba ngumu inayojitokeza juu ya uume baada ya kazi nyingi za chumbani, mara nyingi ni mshipa ulioganda damu. Ultrasaundi huutambua, na huisha wenyewe kwa majuma machache. Kidonda au uvimbe wa ngozi usiopona kwa majuma kadhaa, hicho kisidharauliwe: hukatwa kipande kidogo cha nyama kikatazamwe maabara. MRI inaweza kuonyesha uvimbe umeingia ndani kiasi gani, lakini picha peke yake haiwezi kuapa kwamba hii ni kansa au si kansa.

Siku ya kipimo

Tuseme umepewa barua ya daktari na umefika. Kwanza utaulizwa habari za chuma. Usijibu haraka haraka. Sumaku ya mashine nyingi ina nguvu ya tesla moja na nusu, zaidi ya mara elfu ishirini ya ile inayougeuza mshale wa dira, na haizimwi ovyo. Mwenye mashine ya kusaidia moyo, au kibanio cha chuma kwenye mshipa wa ubongo, lazima aseme. Fundi wa kulehemu au wa kusaga vyuma aseme pia, maana chembe ya chuma iliyobaki ndani ya jicho inaweza kusogea na kumpofusha. Aliyewahi kupigwa risasi au mshale na kipande kikabaki mwilini aseme, hata kama habari yenyewe hapendi kuisimulia. Chuma kilichowekwa mguuni baada ya kuvunjika mara nyingi hakidhuru, lakini wao ndio wa kuamua. Simu, funguo, sarafu, mshipi, kisu cha mfukoni, vyote vibaki nje.

Utavaa gauni la hospitali na kulala chali. Uume hulazwa juu kuelekea tumboni, juu ya taulo iliyokunjwa, ukashikwa kwa plasta laini usisogee, kwa sababu ukisogea picha inaharibika. Juu yake huwekwa kifaa kidogo cha kupokea mawimbi, na unafunikwa shuka. Mhudumu huenda akawa mwanamke. Una haki ya kuomba mwanamume kama yupo, na hakuna atakayekucheka. Pengine daktari ataomba uchomwe sindano ya kufanya uume usimame kwa muda, ili ganda na kovu vionekane vizuri. Ukipewa hiyo, usiondoke hospitalini mpaka umelala tena, na unajua sababu: ile hesabu ya saa nne. Kama utapewa dawa ya kung'arisha picha kwa mshipa wa mkono, sema kama una ugonjwa wa figo, na huenda damu ikapimwa kwanza.

Mashine ina kelele, kama mtu anapiga mabati kwa nyundo. Utapewa vya kuziba masikio na kengele ya kubonyeza mkononi. Usiogope, lakini pia usijitikise.

Kabla ya kuuza ng'ombe

MRI hugharimu mara nyingi zaidi ya ultrasaundi, na nauli na malazi ni juu yake. Hospitali kubwa za umma kama ya Moi mjini Eldoret na ya Kenyatta jijini Nairobi zina huduma hiyo, na hospitali za binafsi zimeongeza mashine katika miji mikubwa. Lakini mashine huharibika na foleni huwa ndefu. Mtu apige simu kabla ya kupanda matatu, aulize kama inafanya kazi leo, kama wanapiga picha ya uume hapo, maana si kila mahali wamezoea, na barua ya namna gani inatakiwa.

Kuhusu bima, NHIF haipo tena. Tangu Oktoba 2024 ni SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa kwa mapato ya nyumba, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka. Kujiandikisha ni bure, hata kwa simu kupitia *147#. Kujiandikisha peke yake bila kulipa mchango hakutoshi kwa vipimo vya hospitali. Ulizeni kwenye dirisha la bima kama kipimo chenyewe kinahitaji kibali kwanza, kwa sababu ukishalipa mfukoni si rahisi kurudishiwa.

Na kabla ya yote hayo, mgonjwa amuulize daktari maneno haya, au mkewe aulize kama yeye anaona haya: "Daktari, ultrasaundi imeshafanywa? Picha hii ya MRI ikionyesha hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika namna gani? Nikingoja mwezi mmoja, nitadhurika?" Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Akijibu kwamba upasuaji utategemea picha, uzeni mnachouza. Akijibu kwamba matibabu yatakuwa yaleyale kwa vyovyote vile, basi ng'ombe abaki zizini.

Ukishapigwa picha, chukua filamu au sahani ya kompyuta pamoja na karatasi ya majibu. Ni mali yako. Usiitundike ukutani wala kuiweka jikoni penye moshi. Itie ndani ya mfuko wa nailoni, uiweke sandukuni pamoja na hati ya shamba, na uende nayo kila unaporudi kliniki, kwa sababu daktari atakayekuona mwaka ujao atataka kuilinganisha na ya sasa.